Mpige Usoni, Atafuata

Kama gazeti la Jumapili iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, usijali. Mabalaa yangu hayahitaji maneno mengi kuyakumbusha.

Mimi ni Tilak, mtoto wa mwisho wa marehemu Dilkumari wa mji wa Hetauda. Mto umekula shamba letu, mchumba wangu ameolewa mjini Butwal na mtu mwenye duka la vioo, na katika mwezi wa mvua mama naye akatutoka. Mara ya mwisho niliwaacha chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mimi na kaka yangu Jhalak tumesimama, kila mmoja na nguo zake nyeupe za msiba. Baba Mkubwa Padam yuko mlangoni, na nje kuna pikapu yenye kamba tayari. Alikuja kuzibeba meza mbili za pool za mama.

Baba Mkubwa hakuzipenda meza zile tangu siku ya kwanza. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado natambaa. Mama akauza bangili zake, akanunua meza, akaziweka chumba cha mbele na kuanza kuuza chai na momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama vinavyopikwa kwa mvuke. Mjane, halafu vijana wa mji mzima wanaingia na kutoka kwake! Watu walisema waliyoyasema, na mama akawauzia chai hao hao waliosema.

Meza zile ndizo zilizotulisha. Ndizo zilizompeleka Kaka Jhalak kazini Doha. Na mimi, baada ya shamba kwenda na mto, sikuwa na kitu kingine duniani cha kuita changu.

Kaka naye alikuwa ameshampa neno shemeji yake, kaka wa mkewe Sabitri, kwamba chumba kile kitakuwa duka la vipuri vya pikipiki. Neno la mwanamume likishatoka mbele ya wakwe, kulirudisha ni kazi. Tulibishana mpaka majirani wakajua hoja za kila upande kuliko sisi wenyewe.

Ndipo Baba Mkubwa akatoa hukumu yake.

"Mama yenu aliishi kwa mipira," alisema. "Basi mipira iamue. Mchezo mmoja, kwenye meza yake, mbele yangu. Jhalak akishinda, meza zinapanda gari leo leo. Tilak akishinda zinabaki, na sitaki kusikia tena habari hii mpaka nife."

Tukakubali. Naye akaongeza sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifikisha hapa.

"Wote mko ndani ya mwaka wa mama," alisema. "Atakayegusa ngozi ameshindwa, hata akiingiza mipira yote. Na akiwa ni Tilak, meza zitaondoka."

Mwaka wa mama, yaani mwaka wa kumwombolezea, kwetu una masharti yake. Unavaa nyeupe toka kofia hadi viatu vya kitambaa. Chai unakunywa ya rangi, kwa sababu maziwa yamekwenda na mama. Sikukuu ya Dasain inakupita huna hata tika, ile alama nyekundu ya baraka, usoni. Na ngozi ya mnyama huigusi, iwe kiatu, mkanda au pochi.

Sasa wewe msomaji unajiuliza ngozi inaingiaje kwenye pool. Kuna watu wamecheza miaka na miaka bila kujua kwamba kile kinundu cha kichwani mwa fimbo, kile unachokipaka chaki, ni ngozi. Mimi nilijua, maana nilivibandika mwenyewe tangu utoto. Kwa hiyo tangu tumzike mama kwa moto pale ukingoni mwa mto, fimbo zote nzuri za nyumba ile zilikuwa haramu kwangu.

Ilibaki moja tu, tukiita fimbo ya wageni. Ilikuja na meza kutoka India, kichwa chake plastiki ngumu, na mama aliwapa wale waliokuwa wakijifunza ili wasichane kitambaa kwa ujuaji. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikicheza nayo tangu msiba, na hiyo ndiyo tuliyokubaliana kupokezana siku ile, mimi na kaka.

Nikueleze ubaya wa plastiki, nao ni mmoja tu. Haifuatishi.

Mpira mweupe ukiupiga tumboni, ukimgonga mwenzake kwa nguvu unasimama pale pale. Ukiupiga juu zaidi, unazunguka kwenda mbele. Ukishamgonga mwenzake unasita kidogo, halafu unamfuata njia ile ile aliyopita. Hapo ndipo wachezaji wanapotofautiana. Kuingiza mpira mmoja kila mtu anaweza. Kuupeleka mweupe mahali utakapokuhitaji kwa mpira unaofuata, hilo ndilo linalowatoa watu jasho.

Mama hakuwahi kushika fimbo hata siku moja, alijua watu wangesema nini. Lakini alikaa kwenye kigoda chake akisukuma unga wa momo, akatazama, na akaelewa. Alinifundisha kwa limau juu ya ubao wa kusukumia. Kwake mpira ulikuwa mtu kabisa.

"Mpige usoni, atafuata," alikuwa akisema. "Na mkono usiusimamishe unapogonga. Uache uende mbele, unamsindikiza mgeni mpaka getini."

Plastiki sasa haishiki. Ukilenga usoni inateleza, tak, mweupe unakwenda kwa jirani. Miezi yote ile nilikuwa napiga tumboni tu, na mipira yangu ilisimama popote ilipogonga. Vijana wa bazaa walinicheka, wakasema fimbo ya Tilak nayo imefiwa. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Nilikuwa nimempoteza mama, na kitu pekee alichonifundisha kwa mikono yake kilikuwa hakitoki tena mikononi mwangu.

Haya, turudi mezani.

"Nani anaanza?" kaka aliuliza.

"Wewe. Ndiye mkubwa."

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba mimi mkubwa?"

Baba Mkubwa alikohoa. Alikuwa amekalia kigoda cha mama, na mimi sikupenda, ila sikuthubutu kusema.

Kaka alivunja, mipira ikatawanyika, akapata mipira yenye mstari, mimi nikabaki na ile ya rangi tupu. Aliingiza ya karibu, akakosa ya mbali, akanipa fimbo. Dole gumba lake lilikuwa na magamba ya gundi iliyokauka. Niliyaona na sikuuliza. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nikadhani alikuwa analiziba.

Mpira wangu wa kwanza nilipiga tumboni kama kawaida, ukaingia. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa mwekundu, karibu na shimo la kona. Nilipoinama niliona ubao wa mama wa kusukumia umeegemezwa ukutani, unga bado umeganda kwenye nyufa zake. Nikampiga mweupe usoni, si kwa hesabu, ni kwa kumkumbuka mama.

Haikuteleza.

Mwekundu ulitumbukia. Mweupe ukasita, halafu ukafuata. Ulitembea taratibu mpaka ukasimama pale hasa ambapo mama angenitaka niuweke.

Nilijua kabla haujasimama. Plastiki haishiki chaki namna ile. Ile ilikuwa ngozi.

Ningeweza kukigeuza kichwa cha fimbo nikakitazama. Chaki ya bluu ilikifunika chote, lakini kuipangusa mara moja kwa kidole kungetosha. Sikupangusa. Nilijiambia labda ni chaki mpya, labda ni hali ya hewa, kitambaa kimekauka. Ukweli ni kwamba kupitia mlangoni niliiona pikapu, na dereva akizikunjua kamba.

"Bahati hiyo," Baba Mkubwa alisema. Pool haijui hata kidogo.

Kaka alikuwa ananitazama mimi, wala si mpira.

Mpigo uliofuata nilikosa, jicho moja likiwa kwenye pikapu. Nikampa kaka fimbo, nikijua kwamba akiupiga usoni hata mara moja atagundua. Na akigundua ataniambia niweke fimbo chini, na meza ndiyo basi.

Mpira uliomkabili ulikuwa wa kufuatisha. Mstari wa kijani, umenyooka kuelekea shimoni, na mpira wake mwingine ukimsubiri mbele kidogo. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ile angeupiga usoni bila kufikiri. Na kaka ndiye mama aliyeanza kumfundisha, miaka mingi kabla yangu. Zamani hizo bazaa nzima ilikuja kutazama mweupe wake ukifuata.

Aliinama, akalenga tumboni. Kijani ukaingia, mweupe ukasimama kama umepigwa msumari. Mpira wake wa pili sasa ulizibwa na wangu. Akajaribu kuuzungukia, akakosa.

"Plastiki hii bwana," alisema, akinirudishia fimbo. "Haina roho."

Nilifurahi. Nisiwafiche, nilifurahi kwamba Doha imemharibu mkono, imemfanya asahau. Nilimwona mjinga, kaka yangu wa tumbo moja, nikaendelea kucheza na kitu ambacho nilijua si halali.

Tuliendelea kupokezana. Yeye tumboni kila mara, mimi usoni kila nilipohitaji. Hatimaye ulibaki mpira wangu mmoja wa njano, na mweusi wa mwisho.

Njano ulikuwa umenyooka na shimo la kona, ila mbali nalo kidogo. Mweusi ulikuwa umejificha nyuma ya mpira wa kaka. Mweupe ukisimama pale utakapomgonga njano, mweusi siuoni. Ukifuata kiasi cha urefu wa mkono, kutoka vidoleni hadi kiwiko, naupata wazi mbele ya shimo la katikati. Na ukifuata kupita hapo, unatumbukia nao shimoni, na kwa masharti tuliyowekeana mchezo ungekwisha hapo hapo.

"Usiogope," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Msindikize tu."

Hilo lilikuwa neno la mama. Tangu arudi sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikainama, nikaukazia macho mpira mweupe kwa muda mrefu, nikapiga. Mkono sikuusimamisha. Njano ukaingia. Mweupe ukasita, ukaanza kutembea, ukapita ubavuni mwa mpira wa kaka bila kuugusa, ukatulia. Mweusi ulikuwa pale, wazi kabisa, hata Baba Mkubwa angeuingiza.

Niliuingiza.

Baba Mkubwa alinyanyuka kwenye kigoda, akajikung'uta suruali kama vile unga wa mama ungemchafua. Alitimiza neno lake, hilo namsifu. Alitoka nje, tukamsikia akimgombeza dereva kwa kosa ambalo si la dereva, na pikapu ikaondoka tupu.

Nilitakiwa nishangilie. Nilisimama pale na fimbo mkononi, nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Kaka alipoingia jikoni kuchemsha maji, nikapangusa chaki kwa ncha ya shali yangu. Chini yake palikuwa na kiduara cha kahawia, kimekatwa kwa kisu, gundi imefurika pembeni.

Rangi ile niliijua. Nikaenda barazani, kwenye msumari alipotundika kaka mkanda wake wa Doha siku aliyovaa nyeupe. Mkanda ulikuwa umekunjwa vizuri, ncha imefichwa ndani. Sikuugusa. Niliinamisha kichwa tu nikachungulia, nikaona ncha imemegwa.

Nikarudi jikoni nikakaa. Alinimiminia chai ya rangi, akajimiminia na yeye.

"Kaka, leo ulipiga tumboni mchezo mzima."

"Fimbo ya plastiki, utapiga wapi tena?"

"Kaka."

Alipuliza chai ambayo haikuwa na moto wa kupulizwa.

"Kama ningesema mbele ya watu nimebadili nia, nyumbani kwa Sabitri nisingeingia tena," alisema mwishowe. "Na wewe na ile plastiki ungenifunga lini? Nilikuona wiki nzima. Ulikuwa unapiga kama mtu anayeomba radhi."

"Lakini mwaka wa mama..."

"Mimi sikumsindikiza mama, Tilak. Nilifika kutoka Doha majivu yamepoa. Ulimbeba wewe, ukamwasha moto wewe. Hata ningewahi, moto wa mama ni wa mtoto wa mwisho, hilo najua. Lakini ningekuwepo." Akaiweka bilauri chini. "Wewe kaa na meza zake. Huo mwaka niachie mimi kuuharibu."

Nililia. Na yeye alilia, ila yeye aligeukia ukutani kwanza.

Sikumwambia kwamba nilijua tangu mpira wa tatu. Yeye aliamini ameuharibu mwaka wake peke yake, na kwamba mimi nilicheza kwa kutojua, nikiwa safi. Mara kadhaa nilifungua mdomo. Kila mara nikaiona meza kupitia mlango wa jikoni, nikaufunga.

Kesho yake ilikuwa siku ya ibada ya mwezi ya mama. Kuhani wetu alifika mapema na mfuko wake, akapanga vibakuli vya majani, ufuta, shayiri na vidonge vya unga wa mchele, ndicho chakula cha marehemu. Alituvisha mimi na kaka pete za nyasi vidoleni. Baba Mkubwa aliketi nyuma yetu, maana ibada za mama hakosi, hata akiwa amenuna.

Kabla ya kuanza, kuhani huyu ana desturi yake. Huwauliza wafiwa kama wameushika mwaka. Kila mwezi huuliza na kila mwezi tunaitikia ndiyo, na yeye mwenyewe huwa ameshaanza kuwasha taa kabla hatujamaliza kujibu.

"Maziwa?"

"Hatujanywa," tulijibu pamoja.

"Ngozi?"

Mimi nilikuwa bado natafuta sauti ya kusemea uongo.

"Mimi nimegusa," kaka alisema.

Mkono wa kuhani ulisimama na kiberiti. Nyuma yetu nilimsikia Baba Mkubwa akijisogeza.

"Umegusa nini?"

"Mkanda wangu. Niliukata."

"Wa nini?"

"Nilikuwa na kazi nao."

Kuhani alimtazama kwa huzuni, ni mtu aliyetujua tangu tukiwa wadogo. Akamwambia avue pete ya nyasi, aoge mtoni, na kwa mwezi huu asikae mbele ya mama yake. Kaka aliivua, akaiweka juu ya jani taratibu kabisa. Alipopita nyuma yangu akaniwekea kiganja kichwani, kisha akaenda kusimama mlangoni, nje ya ibada. Kwa mara ya pili alikuwa nje wakati mama akihudumiwa.

Baba Mkubwa alikuwa amekunja uso. Nilimwona akiangalia chumba cha mbele, akaangalia mkanda msumarini, halafu akaangalia tena chumba cha mbele. Pool haijui, lakini si mjinga.

"Na wewe, Tilak?" kuhani aliuliza. "Umegusa ngozi?"

Mbele yangu vidonge vya unga vya mama vilikuwa vimepangwa, vimeviringwa kwa mkono wangu asubuhi ile. Upande wa pili wa ukuta meza yake ilikuwa bado imesimama, na mpira mweupe juu yake, pale nilipouacha.

"Huyo hajagusa," kaka alijibu kutoka mlangoni, haraka. "Nilikuwa naye jana siku nzima."

Kuhani hakugeuka hata kumtazama.

"Sijakuuliza wewe, Jhalak. Nimemuuliza aliyemwasha mama yake moto."